Majivu ya Mama Sifaeli

Lusia, mama Sifaeli, ana duka la pembejeo Kilolo, na wateja walimpenda mpaka vidukari, wale wadudu wanaonyonya kabichi, walipokataa kufa. Kabichi za Bartholomeo zilipigwa dawa mara mbili zikaliwa tu, naye Bartholomeo, ambaye mdomo wake haujui breki, akatangaza mbele ya kanisa kwamba Lusia anauza feki. Wakulima wakapanga kikao cha kulisusia duka.

Asubuhi moja Lusia, kwa hasira, akasoma maandishi madogo ya chupa ya dawa hadi mwisho. "Usichanganye na kitu chenye magadi." Ni yeye aliyemwambia kila mteja aongeze kikombe cha maji ya majivu, dawa ipate makali! Bibi yake alihifadhi maharage kwa majivu miaka yote, sasa nani angeyatilia shaka?

Ile kemia ya sekondari ikamrudia yote kwa mpigo. Kiini cha dawa hii ni fosforasi iliyofungwa na vitu vingine. Ikiingia kwa mdudu, humzibia kile kinachozima ujumbe wa neva, basi ujumbe hauzimiki, mdudu anatetemeka mpaka anakufa. Lakini maji ya majivu, ambayo ni magadi matupu, hukata kile kifungo, na dawa inakwisha nguvu ndani ya pampu. Lusia alicheka peke yake dukani, machozi yakimtoka.

Siku ya kikao alitokea shambani kwa Bartholomeo, wakulima walikokusanyika, na glavu, barakoa na pampu mbili. Moja ilikuwa na dawa na maji safi. Nyingine aliichanganya na majivu tangu jana yake, kama wanavyochanganya wakulima.

"Kamwene," akasalimu, akapuliza tuta moja kwa pampu hii na la pili kwa ile.

Wakasubiri kwa mbali. Waliporudi, kwenye tuta la maji safi vidukari walikuwa chini, miguu juu. Kwenye la majivu waliendelea kunyonya kama wako arusini.

"Kumbe dawa ni nzima," Bartholomeo akasema taratibu. "Mama Sifaeli, Jumapili nitasimama kanisani niyakanushe maneno yangu."

Hakuna aliyeuliza majivu yalitoka kwa nani; Lusia angeweza kuishia hapo, na jina lake lingekuwa safi. Alivua barakoa.

"Tutasimama wote, kaka. Majivu niliwafundisha mimi. Kabichi zako nimeziua mimi."