Mama, Mkwewe na Maji ya Niagara

Mama yetu ndiye aliyefika Amerika wa mwisho. Sisi watoto wake watatu tulishatangulia, kila mmoja na ndege yake, na kila mmoja akatupwa kwenye mji wake: kaka yangu mkubwa Louisville, mdogo wangu wa kike Columbus, mimi Buffalo. Mama alibaki kambini Burundi akingoja karatasi, na karatasi zilipotoka alishukia Louisville kwa kaka. Ndiyo desturi, mama mzee hukaa kwa mtoto wa kiume. Lakini kaka yangu anapenda kuonekana mtu wa haki. Akatupigia simu, mimi na mdogo wangu, akasema: "Bon, tufanye hivi. Mama atembee kwetu sisi wote. Kila mutu amuoneshe uzuri wa mji wake, kisha achague mwenyewe pa kukaa."

Haki gani hiyo! Alijua vizuri kwamba mimi nimeshashindwa kabla ya kuanza. Mimi nina mume, na kwetu, milimani juu ya ziwa Tanganyika, mwanamke na mume wa binti yake wanaoneana haya kuliko watu wote duniani. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Hawaambiani neno uso kwa uso, na jina la mkwe mama halitamki hata akiota. Mama wa namna hiyo atakaaje kwangu, kwenye nyumba yenye korido moja na choo kimoja?

Lakini mimi nilimtaka. Nilizaa watoto wangu watatu bila yeye. Kila nilipotoka hospitali nilijipikia uji mwenyewe, huku nalia ndani ya sufuria. Wenzangu wa kanisani walikuja, Mungu awabariki, ila mwenzako si mama yako. Nilimtaka mama yangu, sina maneno mengine ya kuongeza. Nikamwambia kaka: "Sawa, tushindane." Akacheka. Nikakikumbuka kile kicheko chake majira yote yaliyofuata.

Louisville ilianza. Kaka alimpeleka mama kuangalia farasi wakishindana mbio, pale wanawake wanapovaa kofia kubwa zenye maua na manyoya. Jioni mama akanipigia.

"Mwanangu, hawa farasi banakimbia banaenda wapi?"

"Wanazunguka tu, mama. Wanarudi pale pale walipotoka."

"Pale pale? Na batu banalipa kuona vile?"

"Wanalipa, tena sana."

"Bon. Lakini zile kofia, ah, zile nimezipenda."

Kesho yake wakampitisha mjini mbele ya gongo moja kubwa mno la kupigia mpira wa besiboli, limeegemezwa kwenye ukuta wa jengo na linazidi jengo lenyewe kwa urefu. Mama akasimama barabarani, akainua shingo, akamuuliza kaka: "Huu mwiko, banapikiaka nani bugali?" Kaka akanitumia video. Mke wake alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka. Nikaangalia ile video mara nyingi, na kila mara wivu ulinipanda.

Ila niligundua kitu kimoja. Nyuma ya video nyingine, sebuleni kwa kaka, niliona valizi ya mama, sanduku lake la safari lile jeusi, imesimama karibu na mlango, zipu imefungwa. Alikuwa pale muda mrefu sasa, na alikuwa anatoa nguo moja, anaifua, anairudisha, anafunga. Kaka na mkewe wote wanafanya kazi depo, ghala la mizigo, asubuhi mpaka jioni, na mama anabaki peke yake na televisheni inayosema Kiingereza. Nikajiambia, ehee, huyu bado hajachagua.

Kutoka Louisville akaenda kwa mdogo wangu, Westerville, pembeni ya Columbus. Huyo hana mume, kwa hiyo hana shida ya mkwe, na nilimwogopa kuliko kaka. Alimpeleka mama kwenye bustani ya wanyama. Mama alipita kwa simba kama mtu anayepita dukani bila hela. Twiga akasema ni mrefu bure. Lakini walipofika kwa sokwe wakubwa, wale gorila wa kwetu Kongo, akasimama mbele ya kioo na hakuondoka. Akawasalimia kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa adabu zote, jinsi unavyosalimia jirani wa zamani. Dume moja kubwa likasogea, likakaa karibu na kioo, likamgeuzia sikio. Mama akaliambia: "Na weye pia balikuleta na ndege? Pole, baba. Baridi yenyewe unaionaje?"

Wazungu waliokuwa pale walipiga picha. Mdogo wangu aliona aibu kwanza, kisha akacheka, kisha, alivyoniambia mwenyewe, akalia. Nami nikasema moyoni, hapa sasa nimekwisha. Nani atashinda sokwe?

Basi zamu yangu ikafika. Mdogo wangu alimleta mama kwa gari mpaka kwetu Cheektowaga, pembeni ya Buffalo. Nikapiga vigelegele mpaka jirani akafungua dirisha. Mume wangu alitoka, akasimama mbali kwenye majani, akainama, akasalimia akiangalia viatu vyake. Mama akavuta kitenge usoni, akajibu akiangalia uzio. Ndivyo tulivyoanza.

Jamani, ile wiki! Mume wangu akitaka kwenda chooni anakohoa kwanza sebuleni, anakohoa tena koridoni, anakohoa mlangoni. Mtoto wangu wa pili akaniuliza kwa Kiingereza kama baba ni mgonjwa. Mama alikula jikoni, amegeukia jiko. Mume wangu alikula garini, kweli kabisa, sahani mapajani, kama polisi anayevizia mtu. Na kama kuna neno la kuambiana, lilipita kwa watoto. "Mwambie baba yako taa ya choo imekufa." "Mwambie koko nitaibadilisha." Koko ni bibi, ndivyo watoto wanavyomwita. Watoto walitafsiri, walichoka, mwishowe walianza kukata maneno katikati.

Valizi ilisimama karibu na mlango wangu sasa, zipu imefungwa.

Silaha yangu ilikuwa moja tu, maporomoko ya Niagara. Nani ana maji kama yale? Siyo Louisville, siyo Columbus. Siku ya Jumamosi tukapanga safari. Dereva ni mume wangu, kwa sababu mimi mtihani wa leseni umenikataa, na mambo hayo tuyaache. Kwenye gari letu lenye safu tatu za viti, mama aliketi nyuma kabisa, mume wangu mbele, watoto katikati kama serikali ya mpito. Mama akapiga kelele: "Muambieni baba yenu apunguze mwendo!" Mkubwa akasema: "Dad, slow down." Mume wangu: "Mwambieni koko sawa." Hivyo mpaka tulipofika.

Na maji yale, nisikudanganye. Unayasikia kabla ya kuyaona. Yanakuja yametulia, ya kijani, kama hayajui kitakachotokea, halafu yanadondoka yote pamoja. Mama alishika ukuta wa mawe kwa mikono miwili. Mimi nikajivuna kana kwamba ni mimi niliyeyamwaga.

"Unaona, mama?"

"Naona. Iko na hasira."

"Tutaingia na mashua mpaka chini yake."

"Aka! Weye na nani?"

Ila watoto walimwomba, na huyo mama hajui kuwanyima wajukuu. Tukapanga mstari. Pale wanakugawia makoti ya plastiki ya buluu yenye kofia, yanakufunika mpaka magotini. Ng'ambo, upande wa Kanada, watu walikuwa wamevaa mekundu. Mama akauliza kama na wale wameleta mama zao wachague. Nikacheka, lakini moyoni nilishtuka, maana ndiyo mara ya kwanza alitamka neno hilo la kuchagua mbele yangu.

Nilipanga vizuri. Mume wangu asimame huku, mama kule, mimi katikati kama ukuta. Mashua ikatoka taratibu. Kisha ikafika mahali ambapo hakuna tena mbingu, ni maji juu, maji pembeni, upepo unakupiga makofi, na huoni mtu, unaona plastiki za buluu tu. Mtoto wangu mdogo akaogopa, akanirukia shingoni akaning'ang'ania, nikasukumwa na watu. Ukuta ukahama.

Nikasikia sauti ya mama: "Yesu wangu! Mwanangu, nikamate!" Nikafuta macho. Mama alikuwa amekumbatia plastiki moja ya buluu kwa mikono yote miwili, kichwa amekificha kifuani pake, anapiga kelele, anaomba, anaimba kipande cha wimbo wa kanisani, anaanza tena. Ile plastiki ya buluu ilikuwa ni mume wangu.

Maskini mume wangu! Akimsukuma, mama ataanguka. Akimshika, ni mwiko mkubwa. Basi alishika chuma cha mashua kwa mikono miwili, akainua kidevu juu, akafumba macho, akasimama kama nguzo ya umeme. Nilitaka kumuita mama, lakini kwa maji yale hata radi isingesikika. Halafu nikaanza kucheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikameza maji.

Mashua ikageuka, upepo ukapungua. Mama akainua kichwa kunishukuru. Akaona ndevu.

Kicheko changu kikakatika. Mama alirudi nyuma kama aliyeungua. Tukashuka. Akaketi kwenye benchi, ametupa kitenge kilicholowa juu ya kichwa chote, na mabega yanatetemeka. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, ni ajali. Hakuna aliyekujua hapa."

"Mungu ananijua." Sauti ilitoka ndani ya kitenge. "Donc kesho munirudishe Louisville. Mi sitamuangalia tena huyu mutu. Haya yake nitaiweka wapi?"

Hapo ndipo nilipojua nimeshindwa kweli. Nilimwona tayari na valizi yake, anaingia kwenye basi, na mimi narudi kwenye sufuria yangu ya uji. Hasira ikanijia juu ya maji, juu ya kaka, juu ya desturi, juu ya mtu aliyebuni plastiki ya rangi moja kwa watu wote. Nikageuka nimtukane mume wangu, maana yeye ndiye aliyekuwa karibu. Hakuwepo. Nikasema, huyu naye amekimbia.

Kumbe alikuwa dukani. Alitoka amebeba taulo kubwa nene yenye picha ya maporomoko, rangi zinapiga kelele. Akaja mpaka kwenye benchi, akapiga magoti kwenye saruji iliyolowa, watalii wanatuzunguka, akaishika ile taulo kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

Kwetu ipo desturi hiyo, na kwa aibu ya siku ile mimi nilikuwa nimeisahau. Haya ya mkwe ikivunjika bila mtu kukusudia, mkwe hutoa nguo na mbuzi. Mama akiipokea, mambo yanakwisha, na tangu siku hiyo yule mwanaume ni mtoto wake, watakula pamoja. Akiikataa, ni basi. Mama zetu wengi waliikataa, waliona kubaki na haya ndiyo heshima.

Kitenge kikafunguka kidogo. Jicho moja likatoka.

"Ni nguo gani hii?" akauliza. Hakumuuliza mtoto, hakuniuliza mimi.

"Ni taulo, mama. Vitenge hawauzi hapa."

"Na mbuzi iko wapi?"

Nyumbani tulikuwa na mguu wa mbuzi, tulinunua Lackawanna, mji wa jirani, kwa wachinjaji Waarabu kwa ajili ya Jumapili. Mume wangu akasema: "Iko mu friza, mama."

Watoto wakaniangalia. Kisha kitenge kikaanza kutikisika tena, na nilidhani analia, mpaka kicheko kikatoka, kicheko cha mama yangu, kile kikubwa cha kupiga paja, ambacho sikuwa nimekisikia tangu nilipokuwa msichana. "Mbuzi iko mu friza! Weee! Mbuzi ya Amerika hailiake hata kidogo!" Akachukua taulo, akajifunga mabegani. Mimi nikalia hadharani, sikujali mtu.

Tulipofika kwenye gari akaipita milango ya nyuma, akaketi mbele, akavuta mkanda. Barabarani akasema, ameangalia mbele: "Mukwe, punguza mwendo." Mume wangu akapunguza mpaka malori yakatupigia honi.

Jioni tulikula meza moja. Mbuzi aliiva vibaya kwa sababu hatukuwa na subira, lakini mama alimega kipande kizuri, akakiweka kwenye sahani ya mume wangu kwa mkono wake. Simu ikaita, kaka, kwa video, na mdogo wangu kutoka Columbus ameunganishwa pembeni.

"Mama, donc umechagua?"

Mama akafuta vidole kwenye ile taulo. "Munisikilize. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Mwanaume nilishamukamata vile, mbele ya Amerika na mbele ya Kanada. Sasa nitamuacha namna gani?"

Mdogo wangu alipiga vigelegele, mnafiki yule, na mimi nikamjibu kwa vyangu.

Mama hakungoja tumalize. Alinyanyuka, akaenda mlangoni, akavuta valizi yake nyeusi mpaka chumbani kwa watoto, nikasikia zipu inafunguka yote. Kisha akaniita, akaniuliza nguo zake aziweke kwenye droo ipi.