Vyungu vya Baba Sechelela

Tofali la kuchoma likimwagiwa maji hutoa harufu moja hivi. Mafundi hulilowesha kabla ya kulijenga, lisije likanyonya maji yote ya saruji, nalo huchemka kidogo kama linanong'ona, kisha inapanda harufu ya vumbi lililolowa, kama mvua ya kwanza. Mwezi uliopita nilikuwa Ipagala, Dodoma mjini, ninakojenga nyumba yangu ya tatu. Ndiyo, ya tatu, na mimi niliishia darasa la nne. Wenye vyeti vyao ndio wapangaji wangu. Baba alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, anatazama mafundi. Harufu ile ilipopanda, nikarudi utotoni mzimamzima.

Nilikuwa na miaka tisa. Kijiji chetu kiko upande wa Chamwino, na baba ndiye aliyekuwa mchoma tofali wa kwanza pale. Dodoma mjini walikuwa wanajenga, tofali zikitakiwa kila siku. Tanuri lake lilikuwa refu kuliko nyumba yetu, na likiwaka lilikula migunga kama ng'ombe anavyokula mabua. Mlima wa nyuma ya kijiji ulibaki na visiki vitupu. Nilijivunia sana. Watoto wengine baba zao walikuwa na mbuzi. Wangu alikuwa na moshi unaoonekana kutoka barabarani.

Mwaka ule uwele uliota, ukafika kimo cha kidole, ukakauka. Krismasi ikapita, Januari nayo ikapita, mbingu nyeupe kama sahani. Ndipo maneno yakaanza kwamba kuna mtu amefunga mvua. Na kwetu, mvua ikifungwa, wa kwanza kutazamwa ni mchoma tofali, maana ana tofali mbichi zimeanikwa na kila mtu anajua hazitaki kulowa. Kisimani wanawake wakaacha kumsalimia mama. Adhabu yake ilijulikana: unahama na watoto wako, shamba unaliacha. Nilimsikia mama akimuuliza baba tutakwenda kwa nani.

Jirani yetu aliitwa Baba Sechelela. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, na watu walimcheka kwa sababu ya shamba lake. Kila mtu aling'oa visiki. Yeye aliviacha, akachagua chipukizi moja la kila kisiki, akalifunga kamba ya gome ili sisi wachungaji tujue mbuzi wasiliguse. Mimi sikumpenda. Alishawahi kuwafukuza mbuzi wangu hadi korongoni na kuniita "bwana mkubwa" huku anacheka.

Mchana mmoja nikamwona amepiga magoti kwenye jua kali. Alikuwa anafukia chungu ardhini kando ya mche wa mkwaju, hadi shingoni. Akamimina maji, akafunika mdomo kwa jiwe bapa. Nikatazama vizuri: vilikuwepo vingine, kando ya kila mche. Ninyi huenda hamwoni kitu hapo. Lakini kila mtoto wa kwetu alijua mvua inavyofungwa: unachukua maji, unayafungia kwenye chungu, unayazika. Nilikimbia nyumbani, mbuzi nikawaacha hukohuko.

Baba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza taratibu sana kama naweza kusema hivyohivyo mbele ya watu.

Baraza lilikaa kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Baba alinisimamisha mbele yake, mkono wake begani kwangu. "Yona, sema ulichoona. Usiogope."

Nikasema. Chungu, maji, jiwe mdomoni.

"Vingapi?" akauliza mwenyekiti.

"Kumi na kimoja, shikamoo." Watu wakacheka, maana salamu nilikuwa nimeisahau tangu nilipofika.

Baba Sechelela akaeleza kwamba vile ni vyungu vya kunyweshea miti. Chungu kinatoa jasho polepole, mzizi unakunywa, na debe moja linatosha siku nyingi.

"Sisi tunagombania maji ya kunywa," mtu akapaza sauti, "mwenzetu anaikaribisha miti chai!"

Kicheko cha pale kilikuwa kibaya. Baba Sechelela hakubishana tena. Akatazama upande wetu, muda mrefu, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kukohoa aseme. Mwisho akaniambia, "Mwanangu, umesema ulichoona. Usilie." Nami wala sikuwa nalia, nikaona ananidharau.

Vijana wakaenda kuvifukua vile vyungu, wakavivunja vyote. Kesho yake jirani yetu alifunga mizigo na mke wake na Sechelela, wakaelekea Kolo kwa wakwe zake. Siku ya nne mvua ikanyesha. Moja tu, kubwa, ikazoa udongo wa mlimani hadi barabarani, halafu basi. Lakini mimi niliitwa mfungua mvua, nikabebwa mabegani. Nilitamba wiki nzima. Kiangazi kilipofika, baba alikata miti ya lile shamba, na chipukizi zenye kamba nazo, zikaingia kwenye tanuri.

Siku hizi watu wa semina wanakuja kijijini na magari. Wanasema dunia inachemka kwa moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali, na sisi kwa kukata miti tumejivua nguo wenyewe juani. Dawa wanayoitoa, acheni chipukizi la kisiki, lifungeni kitambaa. Fukieni chungu kando ya mche. Wanakijiji wanaandika kwenye madaftari. Lililokuwa shamba la Baba Sechelela sasa ni korongo, na Fuso yangu ikitumbukia humo huioni.

Nilidhani baba aliamini, kama nilivyoamini mimi. Watu wazima walikuwa hawajui, nikajisemea, na nikalala vizuri miaka yote hiyo.

Sasa pale Ipagala, baba akavuta ile harufu, akacheka peke yake. "Kama vile vyungu vya Mama Sechelela," akasema. "Alivifinyanga yeye, nikamchomea mimi, juu ya tanuri langu. Vyote kumi na kimoja. Mumewe alinieleza kazi yake hadi nikachoka."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo baba, ulijua?"

"Ningehama mimi?" akasema. "Na wewe leo ungekuwa nani?"

Nami kila mahali nawaambia watu nimejijenga mwenyewe. Nimefukia vyungu vitatu uani, kando ya miche ya mikwaju, na jua la Oktoba halijaua hata mmoja. Magari yangu hupita Kolo kila wiki, na sijawahi kushuka.

Kinachonisumbua ni yale macho. Miaka yote nilijua Baba Sechelela alikuwa ananitazama mimi. Sasa nikikumbuka vizuri, alikuwa anatazama juu kidogo ya kichwa changu, pale alipokuwa amesimama mtu mwenye mkono begani kwangu.