Mabaki ya Dawa ya Mbuzi

Yule mbwa sikumtaka. Niseme hivyo kwanza, ili mtu asifikiri nimekuja kulia hapa.

Aliletwa nyumbani kwangu Bulla Pesa ndani ya kikapu, amefunikwa kitambaa, kama mkate. Aliyembeba ni mke wa kitinda mimba wangu, msichana wa Kimeru aliyehamishiwa Isiolo kufanya kazi ya ofisi. Mwanangu mwenyewe yuko upande wa Garbatulla kwa kazi ya barabara, na harudi mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hivyo tulibaki wawili katika nyumba ya vyumba viwili, na huyo mbwa wa tatu. Mdogo kama paka, mweupe, manyoya mpaka chini, macho huyaoni. Alikuwa na jina la Kizungu. Mimi shule niliacha darasa la tatu nikaenda kuchunga, lakini jina nikilisikia mara moja halitoki. Majina ya mbwa wote wa baba yangu ninayo. Hilo la Kizungu ninalo pia, ila sikuwahi kumwita nalo.

"Huyu anachunga nini?" nilimwuliza mke wa mwanangu siku ya kwanza.

"Hachungi, mama. Ni wa kukaa tu."

"Basi mko wawili."

Hakucheka. Na mimi sikuwa nimefanya mzaha.

Haukuisha mwezi, viroboto wakaingia. Walikuwa kwa mkeka, kwa blanketi, kwa soksi zangu. Niliamka miguu imejaa vipele kama mtu aliyelala na kuku. Mke wa mwanangu akaanza mambo yake. Alinunua kitana cha meno membamba, akawa anakaa mlangoni jioni na beseni ya maji ya sabuni, anachana huyo mbwa tangu shingo mpaka mkia, akipata kiroboto anamzamisha. Nywele zangu mimi hajawahi kuuliza nani ananisuka.

"Nunua dawa," nikamwambia.

"Nitanunua, mama. Lakini lazima kwanza nijue kilo zake."

"Kilo? Unamwuza?"

"Dawa inaenda na kilo. Ikizidi inamuua."

Alikuwa ameenda duka la dawa za mifugo, akaonyeshwa unga wa kunyunyizia, akakataa. Akaonyeshwa ya maji, akakataa. Alisema huyu ana manyoya marefu, anajilamba mchana kutwa, chochote kikiwa kwa manyoya kinaishia tumboni.

"Mbuzi wangu pia wanajilamba," nikasema, "na wako hai."

"Huyu si mbuzi, mama."

Akasema angengoja Jumamosi daktari wa mifugo apite. Ilikuwa Jumatatu. Siku tano mimi niliwe na viroboto kwa sababu ya kilo!

Sasa, Alhamisi ilikuwa siku yangu ya kupiga mbuzi dawa. Nina mbuzi sita nyuma ya nyumba. Wiki hiyo chupa ya zamani ilikuwa imeisha, nikaenda kwa lile duka na kumwambia mwuzaji nina mbuzi wenye kupe, na mbwa mdogo mwenye viroboto. Akanipa chupa, akataja jina lake, akasema, "Hii inamaliza yote, shosho." Hakuinua hata macho kutoka kwa simu.

Kwetu, kinachobaki kwa ndoo baada ya mbuzi ni cha mbwa. Dawa haimwagwi chini. Unamshika mbwa shingo, unammwagia kichwa mpaka mkia, anajikung'uta, anaenda zake. Baba alifanya hivyo, mume wangu alifanya hivyo, na mimi nimefanya miaka yote. Kupima napima kwa macho: maji yakiwa meupe kama maziwa, imetosha. Siku hiyo niliongeza kifuniko kimoja, kwa sababu kupe walikuwa wengi.

Mke wa mwanangu alikuwa kazini. Nikamshika yule mbwa, nikammwagia mabaki yote. Mbwa wa malishoni akijikung'uta mara mbili ameshakauka. Huyu manyoya yake yalikunywa kila tone, akawa ameloa kama tambara la kupiga deki. Akaenda juani, akaanza kujilamba. Nikasema moyoni, kilo ndizo hizo.

Saa tisa nilimwona mlangoni amesimama miguu imeachana, kama mlevi anayetafuta kwao. Kisha akalala hapo hapo. Nikapiga makofi. Hakuinua kichwa. Nikamgusa tumbo, na katika jua lile la Isiolo tumbo lilikuwa baridi.

Sikumwambia mtu. Niliingia ndani nikachambua maharagwe.

Mke wa mwanangu alifika saa kumi na nusu, akapiga magoti mlangoni na viatu vyake vya ofisi.

"Mama, amekula nini?"

"Sijui."

"Si leo umepiga dawa?"

"Nimepiga mbuzi."

"Na yeye?"

"Yeye ni mbuzi? Si wewe ulisema si mbuzi?"

Boma lote lilinuka dawa, na yule mbwa alikuwa amekauka, kwa hivyo pua ya mke wa mwanangu haikumsaidia kujua. Aliniangalia tu. Akapiga simu.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki. Ni kijana wa Kiborana. Nyanya yake na mimi tulichota maji kisima kimoja, na jina la huyu kijana ninalijua mpaka la baba ya baba. Alinisalimia kwa heshima, akachutama. Alifungua mdomo wa mbwa akaangalia ufizi, akasikiliza moyo kwa muda mrefu, akatia kipima joto.

"Moyo unatambaa," akasema. "Amewekewa dawa?"

Mke wa mwanangu akageuza uso kwangu. Mimi nikaangalia maharagwe.

Kijana akatoa chupa ndogo ya sindano, akaiweka juu ya goti. "Nawaambia jinsi ilivyo. Dawa za kupe si moja. Kuna ile ambayo akipakwa nyingi, hii sindano ndiyo inamwokoa. Na kuna nyingine ambayo hii hii sindano ndiyo itamzidishia. Dalili zinafanana ukiangalia kwa haraka, na huyu hata kilo nne hafiki. Sitabahatisha. Nisipojua ni gani, nitakaa namwangalia akienda."

Kuku mmoja wa jirani ndiye alikuwa anaongea.

"Mama," mke wa mwanangu akasema, polepole sana, "sema tu. Sitakuuliza kitu kingine."

Hapo ndipo nilimchukia kabisa. Angepiga kelele ningejua la kumjibu. Lakini alinisemesha kama mtoto aliyejikojolea, mbele ya mjukuu wa rafiki yangu, nyumbani kwangu. Ningeweza kunyamaza. Mbwa angekufa jioni hiyo, viroboto wangekosa pa kukaa, na hakuna ambaye angejua kwa hakika. Nilifikiria hivyo, sitaficha. Yule mbwa alikuwa ameanza kupumua kwa kuruka ruka, mbavu zikipanda, zikikaa, mpaka unadhani hazitapanda tena.

Nikataja jina. Lote, kama lilivyotajwa na yule wa duka. "Na nilizidisha kifuniko kimoja," nikasema.

Kijana aliirudisha ile sindano kwa mfuko haraka, kama imemchoma. "Asante, nyanya. Hii ingemmaliza."

Akaomba maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Walivaa karatasi za nailoni mikononi, wakamwosha mara tatu, wakitenganisha manyoya kwa vidole mpaka ngozi ikaonekana, na maji bado yalikuwa yanatoka na ile harufu. Wakamkausha, wakamfunga kwa leso yangu. Kijana akamtia maji chini ya ngozi kwa sindano nyingine, akasema apashwe joto, aangaliwe mpaka asubuhi.

"Na hii dawa ni ya kupe," akaniambia akifuta mikono. "Viroboto haiwafanyi kitu cha maana."

Yaani nilikuwa karibu kuua mbwa na viroboto wangebaki.

"Mbwa wetu walioga hiyo maisha yao yote," nikamwambia.

"Na wote waliamka kesho yake, nyanya?"

Hakuniuliza kwa ubaya, ni daktari anauliza. Nikafungua mdomo kumjibu ndiyo. Kisha nikawaona. Yule wa madoa wa baba, aliyelala kando ya zizi asiamke. Yule mwekundu wa mume wangu. Na kile kitoto cha huyo mwekundu, cha miezi miwili, nilichokimwagia mimi. Tulisema ni nyoka. Kila mara tulisema nyoka, na tukapiga vichaka kwa fimbo tukimtafuta. Nyoka gani huyo anayekuja siku ya dawa peke yake?

Nilimaliza maharagwe.

Asubuhi mbwa alisimama, akanywa maji, akakojolea mkeka wangu. Mimi nikachukua chupa, nikaenda kwa duka. Kusoma sijui sana lakini picha naziona. Nikaiweka mbele ya mwuzaji.

"Hapa kuna ng'ombe. Hapa mbuzi. Hapa kondoo. Nionyeshe mbwa."

"Shosho, si ulisema una mbuzi?"

"Nilisema na mbwa mdogo. Nionyeshe mbwa yuko wapi!"

Watu wakaanza kusimama. Akaniambia nisimharibie biashara. Nikamwambia biashara yake mimi nitaiharibu mpaka Kinna, na nimejaribu: kila mwenye mbwa ninayemjua nimemwambia aangalie picha kabla ya kutoa pesa.

Jumamosi daktari alimpima mbwa kwa mizani ya kuning'inia, ndani ya kile kikapu. Kilo tatu na nusu. Akaleta kichupa cha matone, kimechorwa mbwa na kuandikwa kilo, akafungua manyoya nyuma ya shingo, mahali ulimi haufiki, akadondosha kwa ngozi, si kwa manyoya. Akasema asioshwe siku mbili, matandiko yote yachemshwe, na nyumba ifagiliwe kila siku mpaka pembeni, maana viroboto wengi hawako kwa mbwa, wako sakafuni. Kufagia nilifagia mimi. Hakuna aliyenituma.

Mke wa mwanangu aliniambia jambo moja tu. "Mama, usimguse tena."

Nyumbani kwangu, naambiwa nisiguse. Mwanangu aliporudi mwisho wa mwezi, mkewe alisema yote bila kuongeza wala kupunguza, na hilo lilinikera zaidi, maana sikupata mahali pa kumshika uongo. Mwanangu akanitazama akingoja niseme pole.

Pole sijasema. Viroboto wamekwisha, na mbwa anatembea ndani ya nyumba yangu, mzima, akipita mbali na miguu yangu. Nilitaja ile dawa wakati ningeweza kunyamaza. Akiona hiyo haitoshi, basi asubiri.