Baridi ya Mvua ya Mawe

Nilikuwa nimelala chali katika kliniki moja mjini Kisii, miguu juu, nikitazama dari. Muuguzi alikuwa amenieleza kwamba kwenye mlango wa kizazi changu kuna chembe zilizoanza kuharibika. Haikuwa saratani bado, lakini zikiachwa zingefika huko. Angezigandisha ili zife.

"Utasikia uchungu kidogo, dada. Kama ule wa mwezi."

Kidogo! Mtungi wa gesi ulipofunguliwa, baridi ilipenya ndani, kisha tumbo likanikaba hadi kiunoni. Uso uliwaka moto ilhali ndani nilikuwa barafu. Nikafumba macho, na mara nikawa mtoto tena kwetu Manga, mvua ya mawe imeacha weupe juu ya michai, nami nimefumbata konzi ya mawe hayo nione nitavumilia hadi lini. Nyanya alisimama mlangoni akinicheka. Nilimwona wazi kabisa, hata jino lake lililovunjika. Muuguzi aliacha kwanza barafu iyeyuke, akagandisha tena, na muda wote huo nyanya hakuondoka.

Nilimhitaji sana. Kwetu, mambo ya chini ya kitovu hayasemwi kwa mama. Huwa ni ya nyanya, na nyanya yangu alishafariki.

Nilienda kupumzika kwa mama, nikamwambia tu kwamba nimetoka kliniki. Maji yalinitoka huko chini kama nilivyoonywa, nikawa naanika vitambaa nyuma ya jiko. Mama aliviona, akapita. Asubuhi moja tukichuma chai, kila mmoja kwenye mstari wake, ukungu ulishuka mzito hata nikaona kikapu chake tu. Sauti yake ikatoka ndani ya ukungu.

"Kule ulikoenda, kunauma?"

Nusura nijichume kidole. Mama yangu, kuuliza hilo! Nilitamani kumjibu "kidogo", nimtulize, tuendelee na chai. Lakini neno lile nilikuwa bado nalikasirikia.

"Kunauma, mama. Tumbo linakukaba, unasikia kizunguzungu. Halafu kunaisha."

Mikono yake haikusimama. Nilisikia majani yakikatika.

"Mimi nilidhani ni kuuma tu, hakuna kuisha," akasema. "Nimeanza tena kuona damu, na siku zangu zilikoma zamani."

Nikapenya katikati ya michai, nikamtafuta kwenye ukungu, nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, umelowa umande, na hakuutoa.