Fundi na Pini Zake

Wanaosema fundi cherehani alimvizia mjane kwenye msiba wa mumewe ni waongo. Hao wawili walikuwa marafiki wa chanda na pete tangu darasa la kwanza. Fundi alishona dukani mwake akiwa na pini mdomoni, akijibu watu kwa kuguna, na vipimo vya rafiki yake alivihifadhi kichwani. Ndiyo maana siku alipomzungushia futi ya kupimia kiunoni, mjane alicheka: “Uzee huo, bwana! Umesahau?”

Fundi akazitoa pini mdomoni, moja moja. “Sijasahau. Nimechoka kukujua kwa macho tu.” Mjane akamshika mikono.

Miezi minne baadaye fundi alizikwa. Gauni la mwisho alilomshonea limetundikwa kabatini, pindo halijashonwa, pini zake zingali mlemle. Nani alifunga mlango wa duka siku ile ya futi? Mjane hasemi, na asiulizwe tena.