Siku Niliyotangaza Mizigo Iondolewe

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa nusu ya asubuhi kwenye benchi la wenye malalamiko, nikidhani ndiyo ofisi yangu. Walionikuta pale walinieleza habari za vyoo vilivyofurika na wenye nyumba wasiopokea simu, nami nikawapa pole kwa moyo wote, nikaongeza na malalamiko yangu. Mkuu wangu, Ofisa wa Makazi pale Tororo, alipotoka akaniuliza, "Mama, wewe una shida gani?"

"Mimi ndiye mfanyakazi mpya."

"Hiyo nayo ni shida," akasema. "Ingia."

Ninyi mnaoshika kazi hii leo mna simu zinazotuma ujumbe kwa mji mzima kabla chai haijapoa. Sisi tulikuwa na miguu. Kazi iliitwa uhusiano wa makazi, maana yake kusimama katikati ya watu watatu wasiosikilizana: mwenye nyumba, mpangaji, na ofisi ya mji. Tulikuwa na notisi, yaani ilani ya kubandikwa mlangoni, ambayo kwa kweli ilisomwa zaidi na mbuzi, maana waliila. Halafu tulikuwa na kikao cha pande tatu. Hapo unawakalisha wote uani, penye bomba lile lile lililopasuka, na haondoki mtu mpaka kila mmoja arudie kwa kinywa chake alichosikia mwenzake akisema. Utashangaa. Mtu anaambiwa "subiri kidogo," anarudia, "amesema nife."

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kazi ya Tororo niliipenda kwa sababu kutoka ofisini niliweza kusikia harufu ya maharagwe yangu yakiungua. Waliponihamishia Busia nililia kama napelekwa Ulaya. Mume wangu akanicheka: "Busia ni hapo tu! Ukipanda juu ya lori utauona mwamba wa Tororo." Nikamwambia mwamba haupiki.

Mkuu wangu wa Busia alikuwa Karani wa Mji, mtu wa haraka, aliyesomea Kiswahili chake ng'ambo, upande wa Kenya. Wakati ule wafanyabiashara walirundika magunia ya mahindi, matofali na mabati kando ya barabara mpaka malori yakakosa pa kupita. Ijumaa moja akaniita.

"Mama, chukua kipaza sauti. Mizigo yote kando ya barabara iondolewe kabla ya Jumatatu. Itakayobaki, tutaibeba."

"Nitangaze hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Usitie chumvi."

Sasa, huku kwetu Uganda mzigo una maana mbili. Kuna mzigo wa kubeba kichwani, na kuna mzigo wa kulala ndani: kile chumba kimoja cha kupanga, mlango mmoja, dirisha moja, vyumba vinavyojengwa kwa safu. Nusu ya mji imezaliwa ndani ya mzigo. Neno nililijua tangu utoto. Lakini siku ile kichwa changu kilijaa magunia tu, hakikuwa na nafasi ya maana ya pili.

Nikapanda boda boda, nikatangaza. Watu wakatoka. Walikuwa na maswali ya ajabu, nami niliyajibu yote kwa fahari.

Nabwire, fundi cherehani, aliuliza, "Mama, na sisi tuko ndani?"

Nikafikiri, ndani ya mzigo? Mpakani hapa watu hupitisha vitu kwa namna nyingi. "Kama umo ndani, toka haraka! Utabebwa nao!"

"Lakini mzigo yangu nimelipia mpaka mwisho wa mwezi."

Nikadhani anasema ushuru wa forodha. "Hata kama umelipia!"

Hajji Zuberi, msafirishaji mwenye safu ya vyumba alimopanga Nabwire, akauliza taratibu, "Na mzigo wa matofali?"

"Hasa matofali, Hajji!"

"Na mabati?"

"Mabati ndiyo hatari. Upepo ukija yatamkata mtu."

Akaitazama safu yake, akanitazama mimi. "Inna lillahi," akasema. Nikaona ajabu mtu kulilia matofali namna ile.

Jumamosi niko nafua, mwenyekiti wa kijiji akanipigia simu: "Mama, njoo upesi. Hajji anaivua nyumba nguo."

Nilipofika, Hajji alikuwa juu ya paa na nyundo, mabati yamepangwa chini. Wapangaji walikuwa nje na magodoro. Chumba cha mwisho tu kilikuwa na mtu. Mama yake Nabwire, ambaye miguu haimtii tena, alikuwa kitandani anatazama mawingu. Nabwire amekaa mlangoni, kajaza mlango wote.

"Hajji, unafanya nini?" nikapiga kelele.

"Naokoa mabati yangu! Si umesema mzigo uondoke?"

"Mzigo, ndiyo! Sasa nyumba ya watu unaibomoa kwa nini?"

"Kwa sababu ni mzigo!"

"Mzigo uko wapi?"

"Nimeukalia!"

Tukaendelea hivyo, kila mmoja akiamini mwenzake ameugua. Mwenyekiti aligeuza shingo huku na huku mpaka nikamhurumia. Mwishowe Nabwire akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, wewe ukisema mzigo, unaonesha nini kwa kidole?"

Nikaonesha kwa kidole magunia ng'ambo ya barabara.

"Ile ni magunia," akasema.

Hajji akaitupa nyundo chini. Halafu mama mzee akaanza kucheka kule kitandani, tone la kwanza la mvua likimwangukia.

Ningetaka niwaambie mambo yaliishia hapo. Lakini Hajji alishuka ngazi, akafuta jasho, akalitazama lile paa lililo wazi, nikaona wazo likimwingia.

"Basi," akasema, "maadam limeshafunguka, acha nijenge maduka. Hapa ni barabarani."

"Na mimi nakwenda wapi na mzee?" Nabwire akauliza.

"Ofisi ndiyo imetangaza, mwanangu. Mimi nimetii tu."

Kosa la neno sasa lilikuwa linageuka kuwa kweli. Nikampigia Karani, akasema anaitisha mkutano wiki ijayo. Wiki ijayo, na mvua ilikuwa tayari. Nikafanya nililojua: nikawakalisha pale pale, matopeni.

"Hajji, rudia alichosema Nabwire."

"Amesema hana pa kwenda."

"Nabwire, rudia alichosema Hajji."

"Amesema ametii ofisi. Ofisi imesema mzigo iondoke." Akasimama. "Hajji, sasa ofisi imesema hii si mzigo. Basi ni nini?"

Hajji akageuza uso kando. Majirani walikuwa wamejaa, wengine wa msikiti mmoja naye.

"Sema tu, Hajji. Kile mama yangu amelala ndani ni nini?"

Mvua ikashuka yote. Hajji akamtazama bibi yule, aliyejifunika beseni kichwani na bado anacheka.

"Ni nyumba," akasema.

"Na nyumba?" nikauliza.

"Haibebwi." Akaokota nyundo. "Nileteeni bati! Mnatazama nini?"

Alianzia juu ya kitanda. Kwa haraka ile matundu ya misumari ya zamani hayakukaa mahali pake, na mpaka leo hayajakaa.

Nimestaafu. Nipo nyumbani, mahali nilipotaka kuwa tangu siku ya kwanza, na maharagwe bado yanaungua. Mnanishangaza mkiniuliza siri ya kazi, maana nusu ya miaka yangu sikuelewa nani anamwambia nani nini. Najua tu kwamba kutangaza si kuambiana.

Nabwire angali pale. Kila masika hunipigia, ingawa sina tena ofisi wala kipaza sauti.

"Mama, mzigo inavuja."

Nami, kabla sijampigia Hajji, humwuliza, "Mzigo upi?"