Kitambaa cha Bibi

Siku bomba lilipofunguliwa kijijini kwetu, bibi jirani yetu alifunga kitambaa mdomoni mwa ndoo, kama tulivyochuja maji ya ziwa miaka yote.

"Bibi, haya ya bomba ni safi tayari!" kina mama wakamcheka.

"Chekeni tu. Mimi nasubiri kitambaa kiniambie."

Ndoo ilipojaa, akakifungua, akakigeuza juani mbele na nyuma. Hakikuwa na hata punje ya mchanga. Akapiga vigelegele, kisha akamgeukia mdogo wangu mwenye sare. "Wewe bado umesimama? Kimbia shule!"

Mimi niliacha shule kidato cha pili, kwa kuchelewa kila siku nikipanda mlima na ndoo kutoka ziwani. Mdogo wangu aliwahi kengele. Kitambaa sasa kinafunika ugali.